Ukimtafuta aliyepotelea mkongeni, usianze na jina lake

Bibi yule hakutaka kujua babu yangu aliitwa nani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, mojawapo ya zile nyumba za mstari zilizosalia katika kambi ya zamani ya mkonge wilayani Korogwe, anapepeta maharage kwenye ungo. Nikaanza kumtajia majina matatu ya babu kama yalivyo kwenye karatasi zake za kazi. Akainua mkono kunisimamisha. "Hayo ni ya karani, mjukuu wangu," akasema. Kisha akaniuliza mambo manne, taratibu, kila moja akingoja nilijibu ndipo aulize jingine. Alikuja na nani? Kwao walikuwa wakichota maji wapi? Nyama gani alikuwa hali? Na wenzake hapa kambini walimpachika jina gani?

Nilikuwa na majibu mawili tu. Babu hakugusa nyama ya kondoo maisha yake yote. Na kambini walimwita Chumvi, kwa kuwa hakuchoka kusimulia jinsi alivyobeba chumvi ya Uvinza kichwani akiwa kijana. Bibi akaweka ungo chini. "Chumvi wa korona? Aliyekuja na yule fundi wa jicho moja?" Korona, kwa watu wa mkonge, ni mtambo wa kuchakata majani ya mkonge kuwa nyuzi. Fundi huyo, akaniambia, alirudi kwao Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, zamani, kabla ya vita vya Amin, na mpaka leo mwanawe humletea bibi mawese kwa basi kila mwaka. Niliondoka pale jioni nikiwa na namba ya simu ya mtoto wa fundi. Kwa majina matatu ya karani nilikuwa nimehangaika miaka sita.

Siku hizi mtu akimtafuta ndugu aliyepotea, kwanza huandika jina lake kwenye simu. Anaweka picha ya zamani Facebook, anairusha kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa wilaya fulani, anaacha namba ya kupigiwa. Sisemi hilo halifai kabisa. Lakini kwa watu waliotawanyika kabla ya simu na kabla ya vitambulisho, na hao ndio wengi katika familia zetu, jina ndilo jambo lililobadilika kuliko yote. Anayejua ni nani hasa aliyekuwa nyuma ya jina hilo ni jumuiya ndogo aliyoishi nayo: waliolala naye kambi moja, waliosali naye, waliomzikia watoto. Sisi huifikia jumuiya hiyo mwisho, tukiwa tumechoka, na mara nyingi tumechelewa.

Tuutazame huo mkonge wenyewe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikatuma watu wake Kasulu, Kibondo, Songea na Njombe, mbali kabisa na mashamba yenyewe. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za nyuzi kwa mwaka, na hakuna nchi duniani iliyoifikia. Mkonge huo ulikatwa na Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde na Wamakua waliovuka Ruvuma, Warundi na Wanyarwanda. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na kwenye vitabu vya shamba namba ndiyo iliyohesabika.

Jina nalo liliandikwa na karani kama alivyolisikia. La Kiha lenye silabi tano likatoka na silabi mbili. Aliyetoroka shamba moja kabla ya kumaliza kipande chake, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, alijiandikisha shamba la pili kwa jina jingine, ili nyapara asimfuate. Wengine walisilimu, wengine wakabatizwa, na kila mara jina liliongezeka au likaachwa njiani. Babu yangu nimemhesabia majina matano. Lile aliloitwa na mama yake nililisikia mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 42, kinywani mwa mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Utasema basi tutafute kwa mahali. Mahali nako kulihama. Operesheni Kigoma ilianza 1972, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa. Familia zilizokaa zimetawanyika juu ya vilima, kila moja katikati ya migomba yake, zikashushwa kandokando ya barabara. Jina la kilima kimoja likafunika vilima vitano, au kijiji kikapewa jina jipya kabisa. Kisha 2012 Kasulu ikagawanywa na Buhigwe ikawa wilaya yake. Karatasi ya babu inasema "Kasulu". Kilima chake leo kiko Buhigwe, hakina nyumba hata moja, na jina lake halimo katika orodha ya vijiji wala ya vitongoji. Ukimtajia mzee wa kule kijito walichokuwa wakichota maji, anakunyoshea kidole bila kufikiri. Ndiyo maana bibi aliuliza habari ya maji. Operesheni ilihamisha nyumba, chemchemi ikabaki ilipokuwa.

Nyama aliiuliza kwa sababu mwiko hufuata ukoo. Mtu anaweza kubadili jina, dini na hata lugha, lakini mwiko aliolelewa nao haubadilishi kirahisi, na hata akiuacha wenzake hukumbuka siku alipouacha. Ila swali lake kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa lile la kwanza: alikuja na nani. Wengi hawakwenda mkongeni peke yao. Walichukuliwa kwa makundi, wakakaa behewa moja siku kadhaa, na wale wa zama za babu, kabla reli ya Ruvu hadi Mnyusi haijafunguliwa 1963, walishushwa Morogoro wakapakiwa malori kwenda Korogwe. Katika safari kama hiyo watu huambiana kila kitu. Mwenzako wa safari anajua umemwacha nani nyumbani, nani anakudai, kwa nini ulikubali kuondoka. Kipande kinaonyesha siku ngapi mtu alifanya kazi tu. Mwenzake wa behewa anajua alikuwa mtoto wa nani.

Kizazi cha wazazi wangu kilikuwa na redio, na tunaikumbuka vibaya tunaposema redio ndiyo iliyowaunganisha watu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisoma kadi za salamu na matangazo ya vifo, na sauti ile ya "habari zimfikie fulani popote alipo" kila mtu wa umri wangu anaisikia bado. Lakini mara nyingi mhusika hakuwa na redio. Aliyesikia alikuwa mwenye duka, au mwalimu, au mke wa nyapara, naye akamtuma mtoto akimbie shambani. Tangazo lenyewe lilitungwa kwa kulijua hilo, likataja watu kwa undugu wao na mahali walipo: shemeji yake aliye relini, dada yake aliyeolewa Kilosa, wa Ngerengere wapate habari. Kazi ya redio ilikuwa kuifikisha habari mlangoni mwa jumuiya, na jumuiya ndiyo iliyomjua mtu. Tulipopata simu tukadhani tumepata redio bora zaidi, tukaisahau ile sehemu ya pili ya kazi.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Niliweka picha ya babu mtandaoni pamoja na majina yake, Kasulu, mkonge, Korogwe, kila kitu. Watu wengi wema waliniombea heri. Siku ya tatu akapiga mtu aliyejiita binamu yangu. Alijua jina la babu, kwa kuwa nililiandika mwenyewe. Aliijua Kasulu, kwa kuwa niliitaja mwenyewe. Akasema shangazi yetu amelazwa na hana wa kumlipia, nikatuma shilingi 180,000 usiku uleule, nalia. Alipoomba mara ya pili, mama yangu, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, akaninong'oneza: muulize huyo, baba mkwe wangu alikuwa hali nyama gani? Nikauliza. Simu ikakatwa, na namba ile haikupatikana tena. Mama hakuwa amesoma popote namna ya kumpima mtu. Alikuwa na kitu kilekile alichokuwa nacho bibi wa kambini, na nilikuwa nacho ndani ya nyumba miaka yote bila kukiuliza.

Kumbukumbu ya namna hii haikai kichwani mwa wazee peke yao. Katika parokia ya Kikatoliki daftari la ubatizo haliishii kwenye siku ya ubatizo. Aliyebatizwa Kabanga akafunga ndoa Korogwe, paroko wa Korogwe anatakiwa kupeleka taarifa Kabanga ikaandikwe kwenye daftari, pale lilipo jina lake. Mstari mmoja wa wino unaweza kukuambia kwamba kijana aliyeondoka kilimani kwao alifika wapi, akamwoa nani. Nashangaa jinsi watu wachache wanavyojua kwamba wanaweza kwenda kuomba msaada huo. Kwa wasio na daftari palikuwa na utani. Manamba akifa ndugu zake wakiwa mwendo wa siku nyingi, watani ndio waliochimba kaburi na kusimamia matanga, kwa hiyo watani ndio waliojua nani kalala wapi. Na hata leo, msibani, mtu husimama na kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, wazazi wake nani, ameacha watoto wangapi, ndugu gani hawakuweza kufika. Karatasi ile ina thamani kuliko cheti chochote, nasi huikunja tukaiacha kwenye kiti cha plastiki, ikafagiwa pamoja na vikombe.

Kuna jambo sisi tunaotafuta hatupendi kulisikia: si kila aliyepotea anataka kupatikana. Mwingine alikimbia ndoa ya kipigo. Mwingine aliacha deni, au aliacha mke na watoto akaanza upya, na hao watoto wa upya hawajui lolote. Wapo pia walioondoka kwa ugomvi wa ardhi au tuhuma za uchawi, ambao kurudi kwao ni hatari ya kweli. Tukimtangaza mtu kwa picha na mahali alipo, tumemwamulia.

Msalaba Mwekundu wanalijua hili kuliko sisi. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ipo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na kazi ya kuwaunganisha ndugu imekuwa ikifanyika humo kwa barua zao: karatasi ya wazi, isiyobandikwa, yenye habari za kifamilia tu. Mtu akipatikana, anaulizwa kwanza kama anataka anayemtafuta aambiwe alipo. Akikataa, anuani yake haitolewi. Tungeiga hatua hiyo moja tu katika makundi yetu ya WhatsApp, tungewaepusha watu wengi na madhara.

Na jumuiya nayo isifanywe malaika. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikapangwa kwa kufuata tarafa walizotoka. Mpangilio huo uliwasaidia watoto waliopotezana na wazazi, kwa sababu palikuwa na majirani wa kuwatambua. Lakini mpangilio uleule uliwarudisha watu chini ya viongozi walewale wa nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo walioongoza mauaji. Jirani anayeweza kukutambua ili akurudishe kwa mama yako anaweza pia kukutambua kwa nia nyingine. Kwa hiyo ninaposema twende kwa jumuiya, nina maana twende kwa mtu mmoja anayeaminika ndani yake, kimyakimya, tumwache aulize kabla hatujajitokeza.

Sisi tulifanya hivyo, na nashukuru. Mtoto wa fundi alinikataza kupanda basi. "Tulia kwanza kaka, mzee atangulie," akasema, akamtuma baba yake mdogo kwenda kule kijijini. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Walikuwapo: mdogo wake babu wa mwisho, mzee sana, na watoto na wajukuu wengi. Matanga ya babu yalikwisha kuanuliwa miaka mingi nyuma, kwa imani kwamba alifia mkongeni. Sehemu yake ya shamba waligawana. Na walipoambiwa kwamba aliyekwenda mkongeni ana wajukuu, watu wazima, na wanaulizia kwao, swali la kwanza lililoulizwa pale uani halikuwa kama tuko wazima. Lilikuwa: wanataka nini?

Niliumia niliposikia. Sasa siwalaumu. Ardhi ya Buha imejaa watu, na mjukuu anayetokea mjini na karatasi mkononi, katika vijiji vyetu, mara nyingi anakuja na jambo. Walikuwa na haki ya kuuliza. Kama ningeteremka kwenye basi bila taarifa, na kamera ya simu mkononi, nahisi mlango ule ungefungwa na usingefunguka tena. Mzee aliyetangulia aliwajibu kwa niaba yetu kwamba hatudai shamba, tunaomba kuonyeshwa kaburi la mama yake babu na kuambiwa aliitwa nani. Kwa kauli hiyo tukaitwa.

Ninaowaza sana ni waliosalia kambini. Mashamba mengi yalibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, nyumba za mstari zinabomoka moja baada ya nyingine, na makaburi ya manamba hayana majina, mengine hayana hata jiwe. Mwaka 2022 nchi nzima ilipewa namba za nyumba na majina ya barabara katika operesheni ya anwani za makazi, kazi kubwa na ya maana. Anwani hiyo inaonyesha mtu analala wapi leo. Haisemi alitoka kilima gani wala alikuja na nani. Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la wakazi tayari. Hakuna gharama kubwa katika kumkalisha kijana wa sekondari na wazee wachache wa kambi, jioni kadhaa, akaandika yale maswali manne na majibu yake kwa kila aliyekubali kuandikwa. Shule za Muheza na Korogwe zingeweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja, kama kungekuwa na mwalimu wa historia wa kuisimamia. Misikiti na parokia zingeweza kuomba nakala ya kila wasifu unaosomwa msibani. Wazee wenyewe ni wachache mno sasa, na wengi hawajawahi kuulizwa.

Kule kilimani tulipanda kwa miguu, mdogo wake babu akitembea mbele kwa fimbo. Kijito ni kidogo kuliko nilivyokifikiria, mtu mzima anakiruka. Alituonyesha mahali nyumba ilipokuwa, migomba miwili mitatu iliyogeuka pori, kisha kaburi. Akamtaja mama yao kwa jina, na babu kwa jina ambalo mama huyo alimwita. Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akanishika mkono na kuniuliza kama katika ile kambi nilisikia habari za vijana wengine watatu walioondoka siku ile na kaka yake. Hakuwa na majina yao ya karatasi. Alikuwa na majina ya utani, jina la kilima cha kila mmoja, na alama: mmoja alikuwa na kovu la moto shingoni, mmoja alipiga zeze, wa tatu alikuwa na pacha aliyebaki.

Niliporudi Korogwe nilikwenda moja kwa moja kwa bibi na chupa ya mawese. Mpiga zeze anamkumbuka. Amezikwa ng'ambo ya korona, na binti yake anauza samaki Muheza. Wa kovu alihama na kundi lililokwenda Kilosa, na huko bibi ananitafutia mtu wa kumuuliza. Wa pacha hamjui. Ameniambia nirudi Jumapili, baada ya misa, atakapokuwa amewauliza wenzake.